Miguu Iliyotazama Ukutani

Kiatu kinachokubana si cha kuogopa. Kinakuambia ukweli, unakivua, unakitupa uvunguni, yameisha. Cha kuogopa ni kile kinachokubana siku tatu, ya nne kikakukaa kama umezaliwa nacho. Hapo inabidi ujiulize: ni ngozi iliyolegea, au ni mguu uliokubali?

Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, niko likizo, niko nchi ya watu, na nimependwa. Mtu mwenye mambo manne kama hayo kwa mpigo hana nafasi ya kujiuliza kitu.

Aliyejiuliza ni mama mdogo.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, siku moja kabla ya safari yangu ya kurudi nyumbani. Nilikuwa napanda ngazi kutoka uani na nguo zangu zilizokauka. Yeye alikuwa amesimama juu mlangoni, na sare yake ya unesi, tayari kwenda zamu. Akanitazama mpaka nikamfikia.

"Kwa nini unasimama pale?"

"Wapi, mama mdogo?"

"Ngazi ya saba. Kila ukipanda unasimama ngazi ya saba, unashika ukuta, unapumua mara mbili, ndipo unaendelea. Nimekuangalia wiki nzima."

"Mimi? Sisimami."

"Haya. Nipe nguo, shuka, upande tena."

Nikampa nguo huku nacheka, nikashuka, nikapanda. Ngazi ya saba nikajikuta nimeshika ukuta. Pumzi imenikatika kama mtu aliyebeba gunia la mahindi, mimi niliyekuwa nakimbia mbio za chuo na kuwaacha wavulana wanakohoa. Na pale niliposhika palikuwa na alama, rangi imelika kwa kushikwashikwa, ukubwa wa kiganja. Kiganja kidogo kuliko changu. Wiki sita nimepita hapo, sikuwahi kuiona.

"Umejionea," mama mdogo akasema. Hakuwa anacheka. "Na kitu kingine. Siku hizi sikusikii ukija."

Hilo ndilo lililonipiga. Kwetu kaka zangu waliniita Tingatinga. Walisema nikishuka ngazi majirani wanaanua nguo wakidhani radi inakaribisha mvua. Baba hajawahi kuuliza "nani huyo?" nikiwa mlangoni tangu nilipojua kutembea.

"Vivue hivyo viatu."

"Nitavivua baadaye."

"Nimesema vivue, we mtoto."

Nikainama. Kifungo cha kiatu cha kulia hakikufunguka. Cha kushoto nacho hakikufunguka. "Joto," nikasema. "Miguu imevimba."

"Ulivivua lini mara ya mwisho?"

Nikahesabu siku kurudi nyuma. Jana? Juzi? Nilioga navyo? Nililala navyo? Mama mdogo akaingia ndani, akarudi na raba nilizokuja nazo, zile za kijivu zilizoniletea heshima uwanjani. Akaweka moja sakafuni, kando ya mguu wangu. Raba iliupita mguu kwa vidole viwili.

"Mimi nimekuwa nesi miaka kumi na tisa," akasema polepole. "Mguu uliovimba nimeuona. Mguu uliooza nimeuona. Mguu wa mtu mzima uliorudi nyuma kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto, huo sijauona. Alikupima lini huyo fundi wako?"

"Hakunipima. Alinikadiria kwa macho."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe, yakanishtua.

Kwa sababu karakana yenyewe ilikuwa hapo hapo chini ya nyumba ya mama mdogo, na kila siku nilimsikia Fundi akiwaambia wateja wake neno hilo hilo moja: "Jicho ni mwongo. Lete mguu."

Karakana ilikuwa ya watu wawili, Fundi na mama yake. Halikuwa duka la viatu vya kuchomoa kwenye boksi. Mteja alipimwa, kisha akachongewa kalibu yake, yaani mguu wa mti unaofanana na wake kila kifundo na kila kidole kilichopinda, na juu ya mguu huo wa mti ndipo ngozi ilipowambwa na kushonwa. Mtu alipimwa mara moja tu maishani. Akitaka jozi nyingine hata akiwa mbali, anaandika barua tu, mguu wake upo unamsubiri rafuni. Kwa hiyo ukuta mzima, toka sakafuni hadi darini, ulikuwa miguu. Ukiingia unaona miguu mia tatu imekuelekea, kama watu waliojificha nyuma ya pazia wakasahau kuficha vidole.

Mingine ilitazama ukutani.

Siku ya tatu ya likizo yangu, mama mdogo akiwa kazini na mimi nimechoka kutazama dari, nilishuka nikajitolea kuwafutia vumbi. Nilipofika kwenye ile iliyotazama ukutani, nikaona ni uzembe wa watu. Nikaigeuza yote itazame mbele, visigino ukutani, imenyooka kama gwaride. Nikajisifu kabisa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wenyewe walikuwa wamekufa.

Mama yake Fundi aliporudi alisimama mlangoni, miwani inaning'inia kifuani. Hakunigombeza. Akaanza kuirudisha mmoja mmoja, midomo inatembea, kama anayemtaka radhi mtu aliyeamshwa usingizini. Alipoifikia jozi moja ndogo, rafu ya pili, akasita. Akanitazama mimi. Akaitazama ile jozi. Akaiacha kama ilivyo.

"Hii iache," akasema. "Hii imeomba yenyewe."

Toka siku hiyo akaniita Njiwa. Na nani angekataa kuitwa Njiwa, hasa aliyelelewa akiitwa Tingatinga? Niliona ni upole wa watu wa nchi ile. Walizungumza kama sisi, ila taratibu, kama wanaolionja neno kabla ya kulitoa. Nikafikiri ndivyo wanavyopokea wageni.

Na Fundi? Ah, Fundi. Dirisha la karakana lilikuwa chini ya ngazi, hivi kwamba mtu akishuka anaonekana miguu kwanza, halafu magoti, uso unakuja mwisho kabisa. Kila nikishuka nilimkuta ameinua kichwa, uzi wenye nta uko midomoni, nyundo imesimama hewani. Wanaume wengine huanza na uso. Huyu alianza na miguu, na mimi nikaona ni haya.

"Jana hukushuka saa nne," aliniambia wiki ya pili.

"Ulikuwa unanisubiri?"

"Niliharibu kisigino cha watu."

Kwa fundi wa viatu hilo ni tamko zito kuliko barua ya kurasa kumi. Usiku ule sikulala, nilikuwa nalirudia tu kama wimbo: niliharibu kisigino cha watu.

Wiki ya tatu akanipa viatu. Rangi ya kahawia iliyoiva, mkanda mmoja, kifungo kidogo cha pembe. Vilinibana nikaona nyota, lakini nilimtazama machoni nikasema vinanikaa. Mwongo kampata mwongo. Siku ya nne vikanikaa kweli. Wiki iliyofuata mleta barua akanikuta mlangoni, akaninyooshea kitabu nitie sahihi, akaona miguu yangu, akaondoka na kitabu chake bila sahihi na bila kuaga. Nikasema labda ana haraka.

Mapenzi yana jibu la kila kitu.

Jumanne ya wiki ile ile ya mwisho nilikuwa nimempigia baba simu.

"Baba, kuna mtu."

"Mtu gani? Nilikuruhusu ukaone dunia."

"Yumo humo humo duniani, baba."

"Usinichekeshe. Anafanya kazi gani?"

"Fundi viatu. Mama yake anasema nisirudi kwanza. Nibaki, tufanye mambo taratibu."

Nikasikia baba anavuta kiti. "Sikiliza. Mwaka mmoja tu wa chuo umekubakia uwe mwalimu. Kama anakupenda, ana viatu, atembee mpaka kwangu. Wewe ukibaki huko, mwanangu, usinipigie tena kuniuliza habari za asubuhi. Sitakuwa na habari."

Baba hajui kutisha watu. Akisema jambo kama hilo sauti inamkatika mwishoni, na ilikatika. Hivyo ndivyo nilivyoifikia ile Alhamisi: kubaki na kumpoteza baba na chuo, au kuondoka na kumpoteza mtu aliyeharibu kisigino kwa ajili yangu. Nikawa nimefunga mzigo nusu. Na sasa miguu yangu imesimama kando ya raba zangu, si yangu tena.

"Nenda kamuulize," mama mdogo akasema. "Mimi nakaa hapa hapa mlangoni. Zamu itanisamehe."

Nikashuka. Sikusikia hatua zangu.

Karakana ilinuka gundi na ngozi mbichi kama siku zote. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake. Mama yake alikaa mezani nyuma ya daftari la vipimo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, mwana anapima na kutaja, yeye anaandika. Aliponiona akatabasamu kwa uso mzima.

"Njiwa wangu! Umeshafungua mzigo?"

"Mzigo haufunguliwi, mama. Naondoka kesho."

"Aa. Wewe na safari wapi na wapi? Basi linakubana kifua."

"Sijawahi kubanwa kifua maishani mwangu."

"Umesahau tu," akasema kwa upole, kama anayemwambia mtoto. "Utakumbuka."

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa ananitazama miguu.

"Nitazame usoni," nikamwambia.

Akainua macho. Yalichelewa kufika, nakwambia, yalipanda polepole kama mzee anayepanda mlima. Nilipoyaona nikajua anajua ninachotaka kuuliza. Nikaenda rafu ya pili, nikaichukua ile jozi ndogo, nikaipindua. Chini ya kalibu, pale unyayoni, walikuwa wanachonga kwa ncha ya kisu jina la mteja, mwaka na kipimo. Nikasoma. NJIWA. Mwaka ulikuwa wa miaka mitatu nyuma, mimi sijawahi hata kuwa na hati ya kusafiria. Kipimo, ishirini na tatu na nusu.

"Ni nani huyu?"

"Weka chini," akasema Fundi. "Tafadhali."

"Nimeuliza ni nani."

"Ni wewe," mama yake akasema.

"Mama, nyamaza." Sikuwahi kumsikia akimwambia mama yake hivyo. Akaitua nyundo kana kwamba ni ya kioo. "Alikuwa mchumba wangu. Alikaa humo juu, kabla ya mama yako mdogo kupanga. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alikuwa anapumzika ngazi ya saba, anashika ukuta, anapumua mara mbili, mimi huku chini nahesabu pamoja naye. Siku moja nikahesabu moja, sikusikia ya pili."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Miezi ya likizo kama hii."

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. "Na mimi?"

"Wewe ulikuja, ukaigeuza kalibu yake. Kesho yake nikasikia mtu anashuka ngazi."

"Nilikuwa mimi!"

"Najua ulikuwa wewe. Ulishuka kama kabati limeanguka." Hata pale, wallahi, alikaribia kutabasamu. "Lakini mama alisema, msubiri, atalainika. Na mimi nikataka kuzisikia hatua zile mara moja tu. Nikawamba ngozi kwenye kalibu yake, nikashona. Nikajiambia mara moja tu, halafu nitamwambia ukweli. Ukavivaa. Ukashuka."

"Ukazisikia."

"Nikazisikia. Sikuweza kukwambia tena."

"Kwa hiyo unanipenda mimi," nikauliza, "au unapenda ninavyoshuka ngazi?"

Nilikuwa nimezoea wanaume wa chuoni, swali halijaisha jibu lishatoka, tamu kama pipi na lisilo na uzito kuliko pipi. Huyu alikaa kimya. Kama angesema "wewe" haraka haraka, ningetoka mle ndani na nisingegeuka.

"Sijui," akasema. "Asubuhi huwa najua. Ukicheka huwa najua ni wewe, yeye hakuwa anacheka kwa sauti. Ukinyamaza ukaanza kutembea, sijui tena."

"Basi nipime."

Kalamu ya mama yake ikaanguka.

"Hapimwi!" akasema. "Aliyepimwa hapimwi tena. Tangu enzi za babu yako hapa hapajapimwa mtu mara mbili. Unajua maana yake? Maana yake yule wa kwanza hayupo."

"Hayupo, mama," nikasema.

"Wewe usinifundishe! Yuko wapi basi? Ni nani aliyesimama ngazi ya saba sasa hivi? Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Ndiyo maana nataka nipimwe. Mama, mimi nina baba. Ana masikio pia. Nikirudi na hatua hizi hatanifungulia mlango, atauliza nani huyo."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti mbele yangu. Mara elfu nilikuwa nimeota anapiga magoti mbele yangu, ila ndotoni hakuwa ananivua viatu. Akashika kifungo cha kiatu, akakisukuma. Akakivuta. Akatia ncha ya msumari. Kiatu kilishika kama ngozi imeanza kuota kwenye ngozi.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Akatazama kiatu kwa muda mrefu. Mtu asiyejua kazi ile angedhani ni mkanda na soli tu. Mimi nilikuwa nimekaa naye siku za kutosha kujua kwamba mshono ule, mdogo kama meno ya panya, hakuwa amewahi kumshonea mteja mwingine. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote, na haikuwa yangu. Akanyoosha mkono mezani, akachukua kisu cha kukatia ngozi.

"Usithubutu," mama yake akanong'ona.

Akakata. Alianzia kifundoni, taratibu, ubapa wa kisu umelalia ngozi yangu, baridi. Uzi ukaanza kukatika mmoja mmoja, tik, tik, tik. Na katikati ya sauti hiyo tukasikia nyingine.

Mtu alikuwa anashuka ngazi.

Hatua nyepesi, kama mtu aliyebeba viatu mkononi. Fundi akasimamisha kisu. Hatua zikafika katikati, zikasimama. Pumzi moja. Pumzi ya pili. Niliisikia ya pili kama ninavyokusikia wewe, na niliona Fundi amefumba macho. Zikaendelea kushuka. Wote watatu tukatazama dirishani, pale ambapo anayeshuka huonekana miguu kwanza. Tuliona mwanga wa mchana, kuta na ngazi zilizochujuka rangi. Miguu hatukuiona. Hatua zikapita mbele ya dirisha tupu, zikavuka ua, mlango wa nje ukalia bawaba, ukajifunga.

Baadaye nilimuuliza mama mdogo kama ni yeye aliyeshuka muda ule. Akaapa hakuondoka mlangoni juu hata kidogo, na kwamba hakusikia mtu. Anayetaka kusema ulikuwa upepo na aseme. Mimi sijawahi kusikia upepo ukipumzika.

"Ameondoka," akasema mama yake Fundi.

Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Kisu kikamalizia mshono, kiatu kikafunguka kikaanguka pande mbili, na mguu wangu ukajaa ganzi na sindano, kama mguu ulioukalia kutwa ukaunyoosha ghafla. Nikapiga kelele. Cha pili kikakatwa, nikapiga kelele tena, hata mama mdogo akashuka ngazi mbili mbili na kusimama mlangoni, mkono kifuani.

"Mnamchinja?"

"Tunampima," Fundi akamjibu.

Akatandika karatasi sakafuni, akauweka mguu wangu wa kulia juu yake, akaanza kuuchora ukingo kwa penseli. Mara ya kwanza mkono wake ukapotea. Mstari uliingia ndani ya mguu wangu, ukapita juu ya kidole, ukitafuta umbo unalolijua. Akasimama. Akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Unachora kwa moyo," nikamwambia. "Jicho likikushinda, shika."

Akaiweka penseli sikioni, akaushika mguu wangu kwa mikono yote miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye uvungu wa unyayo, kwenye kisigino kilichopasuka kwa mbio za uwanjani, kwenye kile kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Alikuwa anaukuta mguu huo kama mtu anayeingia nyumba ambayo amekuwa akiipita nje kila siku. Wiki sita za kutazamana, na ile ndiyo mara ya kwanza kunigusa. Akainua uso. Safari hii macho hayakuchelewa.

"Ni wewe," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshtuka.

"Ni mimi. Na kesho naondoka."

"Najua."

"Nina mwaka mmoja wa masomo. Baba anasema anayenitaka atembee mpaka kwake."

"Kuchonga kalibu ni miezi miwili. Kushona, mmoja." Alikuwa anahesabu kwa vidole vyangu vya miguu, bila kujua. "Nitavileta mwenyewe. Visipokutosha, baba yako anifukuze."

"Na vikinitosha?"

"Vikikutosha nitamwomba anisikilize."

Nilitaka kumjibu neno la maana. Mama mdogo akanitangulia kukohoa pale mlangoni, kikohozi cha kumkumbusha binti kwamba watu wazima wapo. Fundi akachukua utepe, akauzungusha, akaunyoosha toka kisigino hadi ncha ya kidole, akataja kwa sauti ya kazi:

"Urefu, ishirini na sita."

Nyuma ya daftari hakuna kilichosogea. Mama yake alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kalamu bado iko sakafuni. Yeye asipoandika, hakuna kipimo. Ndivyo karakana ile ilivyokuwa: kilichotajwa bila kuandikwa kilikuwa upepo.

"Mama," akasema Fundi. "Urefu, ishirini na sita."

Mama mdogo alipiga hatua, nikamzuia kwa jicho. Nilimwona mama yule anatazama mlango wa nje, ule uliojifunga. Alitazama kwa muda ambao mtu anaweza kumsindikiza mgeni mpaka mwisho wa barabara, mgeni akapinda kona, yeye akabaki amesimama kidogo. Kisha akainama, mifupa ya mgongo ikalia, akaiokota kalamu. Akavaa miwani. Akafungua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja.

"Rudia," akasema. "Sikusikia vizuri."

"Ishirini na sita."

"Upana?"

"Kumi nukta mbili."

Kalamu ikasimama. Akaishusha miwani hadi puani, akainuka nusu kwenye kiti, akauchungulia mguu wangu pale kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nikaona amekunja uso kwa ajili yangu. Hakuniita Njiwa.

"Kumi nukta mbili!" akasema. "Binti, hebu niambie, huu ni mguu au jembe?"

Machozi yakanitoka, sijui ya kicheko au ya nini.

"Ni mguu, mama," nikamwambia, nikauinua wa kushoto, nikaukanyagisha kwenye karatasi kwa kishindo mpaka kalibu zikatikisika rafuni. "Na una mwenzake. Andika."